Chupa Tatu za Shangazi Hamira

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Ni saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Alhamisi. Mnajua saa hii ilikuwa ya nani. Kwa miaka tisa, kila Alhamisi, saa kama hii, mama mmoja alikaa hapa kulia kwangu akiwa na mfuko wa plastiki magotini. Ndani ya mfuko kulikuwa na kitunguu, au limau, au yai, na mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo kisiwe kitu cha kumwagika kwenye mitambo.

Shangazi Hamira amefariki dunia. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Narudia kwa wale waliofungua redio sasa hivi: Shangazi Hamira, yule wa Dakika Tano za Jikoni, ametutoka. Alizikwa Alhamisi iliyopita. Ndiyo maana wiki iliyopita mlisikia muziki mtupu.

Familia yake imeniomba nisimwombolezee kwa sauti ya matanga. Mumewe, fundi cherehani, aliniambia hivi: "Ukilia redioni, atakucheka huko aliko. Wewe simulia tu." Basi nasimulia.

Wengi wenu mnadhani mimi ndiye niliyemgundua. Hapana. Yeye ndiye aliyenijia, na alikuja kwa hasira.

Miaka kumi iliyopita nilikuwa na kipindi cha asubuhi. Siku moja nikawaambia wasikilizaji, tena kwa kujiamini kabisa, kwamba yai likielea kwenye maji ndilo jipya, na likizama ni bovu, litupwe. Sikumbuki nilikolitoa jambo hilo. Siku mbili baadaye dada wa mapokezi akanipigia simu. "Kaka, kuna mama hapa ana bakuli. Anasema amekuletea yai lako."

Nikatoka. Nikamkuta mama wa makamo, mfupi, kitambaa kichwani, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetuambia tutupe mayai mazima?"

Akaniambia nilete maji. Nikaleta. Tukaingia studio, akaweka bakuli mezani, akatumbukiza mayai mawili. Moja likazama, likalala ubavu. Jingine likaelea kama boya.

"Lipi jipya?"

Mimi, kwa ubishi wa ujana, nikaonyesha lile linaloelea.

"Basi pasua."

Wasikilizaji wapendwa, sitaki kuwaharibia kifungua kinywa. Niseme tu kwamba feni za studio zilifanya kazi siku mbili mfululizo, na fundi mitambo wetu mpaka leo hali mayai.

Huku mimi nimeziba pua, yeye alikuwa ananieleza bila haraka. Ganda la yai lina vitundu vidogo mno, jicho halivioni. Kila siku maji kidogo yanapotea kupitia vitundu hivyo, na hewa inachukua nafasi yake. Yai linazidi kuwa jepesi. Likikaa sana, linaelea. "Umeelewa?" Nikamwambia nimeelewa. "Basi waambie na wenzako. Mimi siwezi kuzunguka mtaa mzima na bakuli."

Kesho yake niliomba radhi hewani, naye amekaa pembeni kuhakikisha nasema sawasawa. Alizungumza dakika tano. Simu hazikukoma mpaka mchana. Dakika tano hizo zikawa miaka tisa.

Lakini alikuwa nani kabla ya redio?

Alikuwa mtoto wa tano wa fundi viatu. Shule aliishia darasa la saba. Dada yake mkubwa, ambaye sasa ana miaka themanini na mbili, amenisimulia kisa cha ndizi. Nyumbani kulikuwa na mkungu wa ndizi mbichi umening'inizwa jikoni. Kila siku binti huyu alichuma ndizi moja, akaimenya, akaonja, kisha akaandika ukutani kwa mkaa. Siku ya kwanza, kakasi. Siku ya pili, kakasi. Siku ya nne, afadhali. Siku ya saba, sukari. Alitaka kujua utamu unatoka wapi wakati hakuna mtu aliyeutia.

"Mama alimchapa," dada yake aliniambia, akicheka. "Lakini hakumchapa kwa ajili ya ndizi. Alimchapa kwa ajili ya ukuta. Tulikuwa tumetoka kuupaka chokaa."

Ilimchukua miaka mingi kupata jibu. Alilipata kwenye kitabu cha shule cha binti yake: kwamba ndizi mbichi imejaa wanga, na inapoiva wanga ule unageuka sukari. Binti yake anasema siku hiyo mama alikaa na kitabu mapajani, akarudia kusoma ukurasa huo mara tatu, kisha akasema, "Kumbe ilikuwa humo humo ndani."

Na mume, je? Alimpata kwa manjano, ile bizari ya mchuzi.

Fundi cherehani huyo alikuwa kijana, ana kibanda kando ya bekari. Alikuwa amemaliza kushona gauni jeupe la bibi harusi. Harusi ni Jumamosi, na hii ni Alhamisi. Akala chakula chake cha mchana huku gauni liko mezani. Msimuulize kwa nini. Mchuzi ukaruka, tone la manjano likatua kifuani pa gauni.

Akalipaka sabuni ya mche, akasugua. Lile doa la njano likageuka jekundu. Jekundu kama damu. Kadiri alivyosugua, ndivyo lilivyokolea. Anasema alitoka nje na gauni mkononi kama mtu aliyeua.

Shangazi, enzi hizo msichana wa bekari, alikuwa anapita. Akatazama, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Dada, unanicheka na mimi nimekwisha?"

"Hujakwisha. Nitafutie limau."

Akakamua limau juu ya doa. Pale pale wekundu ukatoweka, njano ikarudi. Fundi akadhani ni uchawi. Kumbe manjano ndivyo yalivyo: yakikutana na sabuni yanakuwa mekundu, yakikutana na kitu kichachu yanarudi njano. Kisha akamwambia alifue vizuri na kulianika juani mpaka jioni, na kesho pia mchana kutwa, kwa sababu jua hula rangi ya manjano. Ijumaa jioni gauni lilikuwa jeupe. Bibi harusi hakujua lolote, na kama ananisikiliza leo, mama, tunaomba msamaha.

Miezi minane baadaye fundi alishona gauni jingine jeupe. Hilo hakulikaribia na sahani.

Sasa sikilizeni kisa ambacho kilimpa jina. Yeye mwenyewe hakupenda kukisimulia redioni. Alisema kinamfanya aonekane shujaa, na yeye alikuwa mfungasha mikate.

Narudia, alikuwa mfungasha mikate. Alikuwa na miaka thelathini na nne. Kazi yake ilikuwa kusimama mwisho wa meza ndefu, mkate unakuja, anautia kwenye karatasi, anakunja, unakwenda. Hakuhusika na unga. Unga ulikuwa wa mwanamume mmoja mrefu, mkimya, ambaye wenzake walimwita Mkandaji. Alikuwa na mke na watoto watatu, na alikuwa ameukanda unga wa bekari ile kwa miaka kumi na miwili.

Wiki moja, mikate ikagoma. Jumatatu ilitoka tanurini imelala kama matofali. Jumanne, hivyo hivyo. Jumatano, hivyo hivyo. Unga haukuumuka hata kidogo. Maduka yakarudisha trei zote. Meneja akapandwa na hasira, akatafuta wa kumbebesha lawama. Akambebesha Mkandaji. Mara akasema amekuja amelewa. Mara akasema anaiba hamira na kuuza nje. Mbele ya watu wote akamwambia: "Ijumaa unavua aproni, unaniachia hapa mezani."

Mkandaji alisimama pale, mikono yake mikubwa imejaa unga.

Mfungasha mikate wetu alimfuata uani wakati wa mapumziko. Mkandaji bado yuko hai, ana miaka themanini kasoro. Jana amenipigia simu, akanisimulia mazungumzo yao neno kwa neno.

"Kaka, nini kimebadilika?"

"Hakuna. Unga ule ule. Hamira ile ile. Mikono ile ile."

"Hakuna kabisa? Fikiri."

"Labda boila. Jumapili wamefunga boila jipya la maji. Lakini maji ni maji, dada."

"Maji ya kuyeyushia hamira unayashika kwa mkono?"

"Zamani, ndiyo. Siku hizi bomba linamwaga moja kwa moja kwenye pipa. Siyagusi."

Jioni alipita dukani akanunua maputo matatu ya watoto, mekundu. Nyumbani akachukua chupa tatu za soda, akaziosha. Mumewe akamuuliza kama kuna sherehe. Akamjibu, "Itategemea."

Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, akaingia kantini na chupa zake tatu. Kila chupa akatia kijiko cha sukari na kijiko cha hamira, kutoka kopo moja la bekari, mbele ya watu. Ya kwanza akajaza nusu kwa maji ya bomba la baridi. Ya pili, maji ya lile bomba lililoandikwa VUGUVUGU, lile la Mkandaji. Ya tatu, maji aliyoyachanganya mwenyewe kwenye sufuria, akayapima kwa kiwiko kama mama anayetaka kumwogesha mtoto. Kila mdomo wa chupa akauvika puto. Akaketi, akafungua chakula chake, akala.

Watu wakacheka. Mmoja akasema bekari imefungua shule ya chekechea. Meneja akaja kuona kelele ni za nini.

"Nini hiki? Wewe kazi yako si kufungasha?"

"Ni kweli, bosi. Lakini hakuna mikate ya kufungasha."

Meneja akatazama chupa. Puto la chupa ya pili, lile la bomba la Mkandaji, lilikuwa limeanza kuinua kichwa.

"Haya, ona!" meneja akasema. "La pili ndilo linaloongoza. Bomba ni zima. Tatizo ni mtu."

Lakini mama yule hakutikisika. Alimeza tonge, akasema: "Hiyo ni hewa ya ndani ya chupa, imetanuka kwa joto. Tusubiri, bosi. Kaa, kuna kiti."

Na meneja, sijui kwa nini, akakaa.

Dakika kumi. Puto la pili likaanza kunywea. Dakika ishirini, likalala kabisa, limeanguka ubavuni mwa chupa kama sikio la mbwa. La kwanza, la maji baridi, lilikuwa limenyanyuka kidogo tu, linasitasita. La tatu lilikuwa limesimama. Dakika arobaini, la tatu lilikuwa nene kama chungwa, linang'aa, na wafungasha mikate walikuwa wamesimama juu ya mabenchi kulitazama.

Akaeleza kwa ufupi. Hamira ni hai. Ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Vinakula sukari, vinatoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoumua mkate. Vikipata baridi, vinazubaa. Vikipata uvuguvugu, vinafanya kazi. Vikipata moto, vinakufa. "Kwenye chupa ya pili hakuna kilichobaki hai, bosi. Na kwenye pipa la Mkandaji pia."

Meneja akainuka, akaenda mwenyewe hadi kwenye bomba la VUGUVUGU, akalifungua, akaweka kiganja chini yake. Akakirudisha mbio huku akipuliza vidole. Mafundi wa boila walikuwa wamefunga bomba la moto mahali pa vuguvugu. Kosa la mpira mmoja tu wa maji.

Mchana ule ule bomba likarekebishwa. Ijumaa asubuhi mikate ilifura mpaka ikamwagika nje ya makopo. Meneja alimwomba Mkandaji radhi mbele ya wote, kwa sababu mbele ya wote ndipo alipomtukana. Hilo tumsifu. Na mwezi uliofuata mfungasha mikate akapewa usimamizi wa chumba cha unga, akakisimamia kwa miaka ishirini na sita, hadi alipostaafu. Jina la Hamira lilianzia siku ile pale kantini. La Shangazi waliliongeza vijana waliokuja baadaye.

Nilimuuliza Mkandaji: hukuwahi kumuuliza kwa nini alijitosa? Angeweza kufukuzwa na yeye.

"Nilimuuliza," akasema. "Akanijibu, 'Nilitaka kujua.' Kusema kweli aliniumiza kidogo. Nilidhani atasema ni kwa ajili yangu."

Nilipomrudishia binti wa Shangazi maneno hayo alicheka huku anafuta machozi. Binti huyu ni mtoto wao wa pekee, ni fundi umeme. Akasema: "Mimi nilikuwa na miaka minane. Jumatano ile mama hakula. Baba alipomuuliza, alisema, 'Yule kaka ana watoto watatu.' Alisema hivyo mara mbili. Mwambieni Mkandaji."

Basi Mkandaji, kama unasikiliza, umeambiwa.

Nisije nikawafanya mwamini kwamba hakuwahi kukosea. Alikosea, tena hapa hapa. Mwaka wa tatu wa kipindi alituambia kwamba ukitaka maji yachemke haraka, tia chumvi. Mwalimu mmoja wa kemia, mwanamke mwenye sauti ya upole, akapiga simu.

"Shikamoo, Shangazi. Samahani sana. Hilo la chumvi, umewahi kulipima?"

Shangazi alivua miwani yake, akaisogelea maikrofoni.

"Sijawahi," akasema. "Nitapima."

Akaenda kupima. Sufuria mbili zinazofanana, maji kiasi kile kile, jiko lile lile, saa ya mumewe. Mara sita. Alhamisi iliyofuata mkuu wetu wa vipindi alimvuta pembeni, akamwambia aliache tu lipite, watu wamekwisha kusahau. Akajibu, "Mimi sijasahau." Akaingia hewani.

"Wapendwa, nilikosea. Nimekosea tangu utotoni. Chumvi haiyaharakishi maji. Ukiitupa kwenye maji yanayokaribia kuchemka, yanafoka mapovu ghafla, na mimi nikadhani ndiyo kuchemka. Macho yangu hayakukosea, yaliona mapovu. Kichwa ndicho kilichoharakisha. Mwalimu, asante, mwanangu."

Wasikilizaji wapendwa, wiki ile tulipokea simu nyingi kuliko wiki yoyote. Watu walipiga kuungama! Mzee mmoja alikiri kwamba kwa miaka ishirini amemkataza mkewe kuweka nyanya karibu na ndizi mbivu, kwa madai kwamba zinagombana. Shangazi akamtuliza: "Hujakosea sana, mzee wangu. Ndizi mbivu hutoa hewa inayoivisha jirani zake. Hazigombani, zinahimizana." Na yule mwalimu wa kemia akawa rafiki yake. Walikuwa wanapigiana simu kila Jumapili kubishana.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Aliaga kipindi, mlisikia, bila makeke. Wiki mbili zilizopita alilazwa. Binti yake anasimulia kwamba siku ya tatu wodini aliomba glasi ya soda nyeupe na zabibu kavu. Daktari akasema soda hapana. Akamjibu, "Si ya kunywa, daktari. Ni ya kutazama." Akatumbukiza zabibu tano. Zikazama. Kisha mapovu yakazishika, zikapanda juu. Mapovu yakapasuka, zikazama tena. Zinapanda, zinashuka, zinapanda. Daktari alisimama pale robo saa, faili kwapani, akicheka na wagonjwa wa vitanda vinne. Ijumaa wakamruhusu arudi nyumbani, kwa sababu ndiko alikotaka kuwa. Jumanne asubuhi mumewe alimletea chai, akamkuta amelala usingizi wa mwisho. Uso mtulivu. Hakuteseka. Tunashukuru kwa hilo.

Sasa nimalizie na jambo lililotokea Jumapili hii, siku tatu baada ya mazishi.

Wageni walikuwa wameondoka. Mzee alifungua kabati la jikoni kutafuta majani ya chai. Nyuma ya kopo akakuta glasi imefunikwa kwa sahani, ina karatasi, na juu yake mwandiko wa mkewe: USITUPE. TAZAMA JUMAPILI. Alikuwa ameiandaa Jumatatu, siku moja kabla ya kufariki. Ndani kulikuwa na pamba mbichi, na maharagwe manne yamebanwa kati ya pamba na kioo. Yote yalikuwa yameota. Moja alikuwa amelipachika kichwa chini makusudi. Mzizi wake ulianza kwenda juu, kisha ukajikunja, ukageuka, ukashuka chini wenyewe, gizani ndani ya kabati, bila kuonyeshwa njia na mtu.

Mzee aliniambia, "Nilikaa mezani naligeuzageuza lile haragwe asubuhi nzima. Nikaliuliza, umejuaje chini ni wapi? Nilipoinuka ilikuwa saa saba mchana. Mwanangu, nilikuwa nimesahau kulia."

Kwa Mzee wetu fundi cherehani, kwa binti yake na watoto wake, kwa dada mkubwa, kwa wafanyakazi wa bekari wa zamani na wa sasa: poleni sana, kutoka kwangu na kwa kila mtu wa kituo hiki. Mwenyezi Mungu ampumzishe pema. Nasi tuliobaki, leo tukiwa jikoni, tujiulize: ni kitu gani nimekitazama maisha yangu yote bila kukiona? Tukitazame. Kisipotujibu leo, tukisubiri mpaka Jumapili.

Maharagwe, Mzee ameyahamishia kwenye ndoo ya udongo, kando ya cherehani, penye dirisha. Kila asubuhi anayapima kwa ile futi yake ya kupimia nguo, anaandika kwenye daftari la wateja. Jana lile la kichwa chini lilikuwa sentimita nane.